Karanga za Napoleoni

Ebenezer alisimama mbele ya rafu kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Alivuta kitabu, akakipima uzito kiganjani, akakirudisha, akavuta kingine. Nyuma yake wanaume wa ukoo walikuwa wamemaliza chai na walitaka kuondoka kabla jua halijawa kali. Zipora, mjane, alikaa chini kwenye mkeka karibu na mlango, khanga imemfunika kichwa. Katika ukoo ule mjane haketi kitini wala hasemi mbele ya kikao mpaka siku ya kuondoa tanga.

"Ng'ombe tumemaliza, shamba la Buigiri tumemaliza," alisema mzee Yoramu, mkubwa wa ukoo. "Kitanda na cherehani ni vya mjane. Kimebaki nini?"

"Vimebaki hivi," Ebenezer alisema, mkono wake ukiwa bado juu ya rafu. "Vitabu vya kaka."

"Vitabu vya nini?"

"Historia ya Ulaya, mzee. Atlasi hii hapa. Hii kamusi ya historia. Hiki cha tarehe, hiki cha wasifu wa watu wakubwa, hivi vya mikataba. Ni vitabu vya rejea. Havipatikani tena madukani."

Mzee Yoramu aliitazama rafu kwa heshima na kwa uchovu. Alikuwa na mbuzi watatu wagonjwa nyumbani. "Sasa vinagawanywaje?"

"Havigawanyiki. Vinakaa kwa msomi wa ukoo."

Devota, binti pekee wa marehemu, alikuwa amesimama kwenye korido na chupa ya chai. Alikuwa na shahada ya ualimu na barua kadhaa za maombi ya kazi zisizojibiwa. Alipiga goti kidogo kabla ya kusema. "Shikamoo babu. Naomba radhi kuingilia. Vitabu hivyo ndivyo tunavyofundishia hapa nyumbani. Wanafunzi wanakuja kila jioni. Baba aliniachia mimi wanafunzi wake."

"Amekuachia wanafunzi, vitabu hakusema," alijibu Ebenezer kwa sauti ya upole. "Mwanangu, wewe si utaolewa? Ukiolewa Mbeya, Ulaya nzima itahamia Mbeya. Mali ya ukoo ibaki kwenye ukoo." Watu wakacheka. Kisha akageuka kuelekea mkekani. "Au shemeji atavisoma yeye? Eti shemeji, Ulaya utaifanyia nini? Utaishonea gauni?"

Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu zaidi, kwa sababu cherehani ya Zipora ilikuwa palepale, imefunikwa kitambaa. Zipora hakuinua uso. Aliangalia viatu vya Ebenezer, ambavyo hakuvivua mlangoni, na alama ya vumbi viliyoacha kwenye ukingo wa mkeka wake.

Pikapu ilikuja Jumamosi.

*

Nyumba ile ya Makole haikuwa shule wala maktaba, lakini kwa miaka mingi watu walikuja pale kuuliza maswali. Wengi walikuwa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha sita, watu wazima ambao hakuna shule iliyowataka. Sikudhani, mama wa watoto watatu aliyeuza mboga sokoni Majengo, alikuja akinuka majani ya mlenda. Meshack, mlinzi wa benki, alikuja na sare yake. Walivua viatu, wakaketi mkekani, wakaachia mia tano kwenye kopo kama wanayo. Vitabu havikutoka nje. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya marehemu, Mwalimu Nikodemo.

Sheria ya pili ilihusu namna ya kuvitumia. "Kitabu cha rejea hakisomwi kama hadithi," alikuwa akisema. "Kinaulizwa. Tarehe kwanza, ramani pili, mtu mwisho. Ukianza na mtu utadhani Bismarck aliamka tu asubuhi akaiunganisha Ujerumani kabla ya chai." Kwenye pambizo za kurasa alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa Kiswahili, miaka yote hiyo: *linganisha na Maji Maji, angalia ramani ya kabla, hapa mtahini hupenda kuuliza.* Mwanafunzi aliyekuwa haelewi Kiingereza cha kitabu alishika pambizo, akavuka.

Sasa rafu ilikuwa tupu, na juu yake paliachwa tu mistari ya vumbi kuonyesha kila kitabu kilisimama wapi. Sikudhani alikuja siku ya kwanza, akaitazama rafu, akavaa viatu vyake.

"Tutatumia simu, dada Sikudhani," Devota alimwambia.

"Simu ya nani, mwalimu? Mimi bando langu linaisha nikiwa bado natafuta Vienna." Alijitahidi kutabasamu. "Mtihani mwezi wa tano. Nitakuja tu tukae, hata kama hakuna vitabu."

Lakini hakuja. Wala Meshack. Kopo likabaki na sarafu moja chini.

Devota aliamini kuwa watu hufanya ubaya kwa sababu hawajaelezwa vizuri. Siku moja asubuhi alipiga pasi sketi yake ya mahafali, akaenda Majengo, nyuma ya soko, kwenye vyumba viwili vilivyokuwa na bango jipya: KITUO CHA MASOMO YA JUU, na chini yake, *Historia ya Ulaya, Rejea Kamili*. Msichana wa mapokezi alimwambia apange foleni.

"Mimi ni mtoto wake. Wa kaka yake."

"Dada, hapa wote ni watoto wake. Panga foleni."

Alipanga. Ndani, mashine ya kudurufu ilikuwa inanguruma, ikimulika mstari wa kijani kwenye ukuta. Ilipofika zamu yake Ebenezer alimtazama juu ya miwani, mbele ya vijana waliojaa chumba.

"Karibu, mwanangu. Unataka mada gani?"

"Baba mdogo, nilikuja tuzungumze. Nilifikiri labda vitabu vingekaa kwako asubuhi, jioni virudi kule, maana wale wanafunzi wa baba…"

"Wanafunzi wa baba waje hapa. Mlango uko wazi. Mada moja elfu mbili." Alichomoa karatasi kwenye rundo, akamnyooshea. "Hii Mkutano wa Vienna. Kwa sababu ni wewe, elfu moja na mia tano."

Vijana walicheka, si kwa ubaya, walicheka tu kama vijana wanavyocheka mwalimu anapotania. Devota aliipokea karatasi ili mikono yake iwe na la kufanya. Kwenye pambizo, kwa mwandiko mdogo uliolalia kulia, palikuwa pameandikwa: *Waliochora ramani hii hawakumuuliza mtu yeyote aliyeishi ndani yake.* Ulikuwa mwandiko wa baba yake. Aliangalia nakala ile, ilivyokuwa safi, nyoofu, bila ule weusi wa katikati ambao kitabu kinene huacha kinapobanwa kwenye mashine, na hakujiuliza kwa nini. Alitoa elfu moja na mia tano, akalipa.

Nyumbani aliiweka karatasi mapajani mwa mama yake. Zipora aliisoma pambizo, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Umelipa?"

"Nimelipa, mama."

"Umelipia maandishi ya baba yako."

"Mama, kuna ofisi ya msaada wa kisheria. Niliuliza. Wanasema tuna haki, ila kesi inaweza kwenda mpaka mwakani, na…"

"Mwakani vitakuwa vimekwisha," alisema Zipora. Alifunua cherehani, akatia uzi bila kuangalia. "Mimi sitaki haki ya mwakani, Devota. Nataka akae chini. Nataka akae pale nilipokaa mimi, watu wampite."

Devota hakuwahi kumsikia mama yake akisema hivyo. Alingoja aongeze neno la kulainisha. Cherehani ikaanza kutembea.

*

Mustapha aliuza nafaka katika soko la Majengo. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, na alikuwa mtani wa ukoo wa Nikodemo kama baba yake alivyokuwa mtani wa baba yao. Siku ya mazishi kule Buigiri alikuwa ameingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema chumba ni kizuri na hatoki bila kodi. Kijana mmoja wa mjini, shemeji wa mbali asiyejua mambo, alimfokea kwamba anamkosea marehemu heshima. Kijana yule alitozwa mbuzi palepale. Mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani msibani hulipa faini, na faini hiyo hutajwa na mwenye msiba, na hakuna mzee wa Kigogo anayeweza kuipunguza.

"Mbukwenyi, Mgogo!" Mustapha aliita alipomwona Zipora akipita kati ya magunia. "Leo umekuja kununua au kunyoosha mkono?"

"Nimekuja kuangalia kama bado mna udongo. Nasikia wa Kondoa umewakimbia wote, umehamia bondeni."

"Umetukimbia ukaja kwenu, ukakuta hamna mvua, umekufa kwa kiu." Alimvutia ndoo akae. Kisha akamwangalia vizuri, na uso wa utani ukaondoka. "Vipi, mama Devota?"

Zipora alimweleza. Hakulia. Alitoa karatasi kifuani, akaikunjua juu ya gunia la uwele. Mustapha hakuwa msomaji mkubwa, lakini mwandiko ule aliujua. Jioni nyingi alikuwa akiketi kwenye kochi la Nikodemo akimchokoza, akimuuliza hawa Wazungu wako wanapigana kila ukurasa, wanalima saa ngapi?

"Nikiwa mkweli," alisema, "mimi ningempiga."

"Ukimpiga utafungwa wewe. Nimekuja kwako kwa kazi yako."

Mustapha alichukua punje za uwele, akazimwaga kutoka mkono huu kwenda huu. "Kuondoa tanga ni lini?"

"Jumapili ya wiki ijayo. Mwenyeji ni yeye. Amekodi turubai na viti, amealika mpaka wazazi wa kituo chake."

"Ebenezer ana hasira za karibu tangu mtoto. Lakini si mjinga, mtani. Anajua sheria. Atacheka mpaka meno yamkauke."

"Basi mkaushe."

Mustapha alimtazama mwanamke yule mfupi kwenye ndoo, khanga yake nyeusi imefifia kwa kufuliwa, na akaona kuwa hatanii.

"Nikishindwa?"

"Ukishindwa utakuwa umekula wali wake. Hasara yako nini?"

*

Jumapili turubai lilijaa. Ibada ilikwisha, mchungaji akaondoa tanga kwa maombi, na wanawake wakamwinua Zipora kutoka mkekani, wakamvua khanga nyeusi, wakamketisha kitini. Kuanzia pale alikuwa na ulimi. Lakini hakuutumia. Alikaa, mikono mapajani, akangoja.

Ebenezer alikuwa ameketi meza ya mbele na suti ya kijivu, kati ya mzee Yoramu na wazazi wa wanafunzi wake. Pilau ilikuwa inapita pale kelele zilipotokea getini.

Mustapha aliingia amevaa koti linalomfika magotini, miwani isiyo na vioo, na gazeti amelishika juu chini. Akapanda juu ya kiti.

"Vijana, kaeni kimya! Leo tunasoma Ulaya! Nani anajua Ulaya iko wapi?"

"Iko wapi?" watu waliitikia.

"Ilikuwa Makole kwa kaka yangu. Nikaja na pikapu, nikaihamisha!"

Turubai likalipuka. Wazee wa Buigiri walipiga magoti yao kwa viganja. Ebenezer alicheka pia, akanyanyuka, akambandika Mustapha noti ya elfu kumi kwenye paji la uso. "Utani ni dawa," alisema kwa wageni wake. "Hawa ni watani zetu."

"Asante, Mgogo! Leo mara ya kwanza duniani Mgogo ametoa badala ya kupokea. Mpigieni makofi, atachoka upesi!" Mustapha alitia noti mfukoni. "Swali la pili. Kaka yangu aliuza fahali wake nikasoma. Je, nimlipe nini?"

"Umlipe nini?"

"Rafu! Nimemwachia mjane rafu nzima, tupu, aanike soksi!"

Kicheko cha Ebenezer kilikuwa bado kipo, ila kimepungua urefu. Aliendelea kuonyesha meno. Akamimina soda kwenye glasi ya jirani yake, taratibu. Zipora aliona, na ndani yake kitu kikaanza kukata tamaa. Alimjua. Angeweza kukaa hivyo mpaka magharibi.

Mustapha naye aliona. Akavua miwani. "Basi, waleteni marafiki wa marehemu. Tanga haliwezi kuondoka bila wao. Wazungu wake wako wapi? Waje waage."

"Viko ofisini, nimefunga," alisema Ebenezer. "Siku nyingine, mtani."

"Siku nyingine ni tanga lingine. Unataka kufa wewe?" Watu wakacheka. "Hapa hatuli, hatunywi, hatuondoki mpaka Wazungu waje. Mzee Yoramu, nasema uongo?"

Mzee Yoramu alifuta mdomo. Alikuwa na njaa, na mtani akisema watu wasile, hawali. "Vilete tu, Ebenezer. Si vitabu tu?"

Kwa hiyo msichana wa mapokezi alitumwa na bodaboda, naye akarudi na boksi kubwa la karatasi limefungwa nyuma kwa mpira. Ebenezer aliinuka kulipokea mwenyewe, lakini Mustapha alikuwa ameshalifikia. Akafungua mpira, akatia mkono, akatoa.

Alichotoa hakikuwa kitabu. Kilikuwa rundo la kurasa limebanwa kwa mpira. Akatoa lingine. Akatoa jalada gumu la atlasi, tupu, likapwaya mkononi kama ngozi ya mnyama aliyekwisha chunwa. Vitabu vyote vilikuwa vimekatwa mgongo kwa kisu cha mashine ili kila ukurasa ulale vizuri kwenye kioo cha kudurufu.

Devota alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na kiberiti. Na Mustapha, aliyekuwa juu ya kiti, alipotelewa na utani wote. Zipora aliona uso wake ukijaa damu, akaona ngumi ikijikunja ndani ya mkono mrefu wa koti, na akajua kuwa mtani akikasirika yeye mwenyewe, utani umekufa na kila kitu kimekwisha.

Basi akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Nikodemo alazwe. Kilikuwa kicheko kikavu na kibaya, cha peke yake, katikati ya watu wote wale walionyamaza, na alikivuta mpaka Mustapha alipogeuka kumtazama.

"Mtani," alisema Zipora, "mbona umesimama? Si ulisema sokoni vifungashio vimepanda bei?"

Mustapha alipumua. Ngumi ikafunguka. Akachomoa ukurasa mmoja kwenye rundo, akalamba kidole, akauviringisha polepole ukawa pembe, akaufunga ncha kama wauzaji wanavyofanya, akatoa mfukoni karanga zake mwenyewe, akazimimina ndani.

"Karanga!" aliita. "Karanga za moto! Karanga za Napoleoni! Mia mbili, mia mbili, Ufaransa nzima mia mbili!"

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa kushtuka. Mwingine akafuata.

"Karanga za Bismarck zina chumvi! Nani anataka Urusi? Urusi kubwa, inaingia robo!" Akachomoa ukurasa wa pili. Sikudhani, aliyekuja na beseni la mboga kusaidia jikoni, alinyoosha mkono. "Nipe Vienna mimi, nimeitafuta sana!" Akachomoa wa tatu, akaulamba.

Kila ukurasa ule ulikuwa mada, na kila mada elfu mbili, na kulikuwa na vijana mia na zaidi waliokuwa wakisubiri Jumatatu. Ebenezer aliuona mdomo wa Mustapha ukiulowesha ukingo wa karatasi.

"Weka chini!"

Alikuwa amesimama. Kiti chake kilikuwa kimeanguka nyuma.

"Weka chini hiyo! Unaharibu vitabu! Ni mali yangu hiyo, mshenzi wewe, unajua thamani yake? Mpumbavu mkubwa, toka! Toka hapa!"

Alimshika Mustapha koti, akamvuta kutoka kitini, na karanga zikamwagika juu ya suti ya kijivu.

Bibi mmoja wa Buigiri akapiga kigelegele, kirefu, cha arusi, na turubai zima likasimama. "Amekasirika! Amekasirika!" Watoto walirukaruka. Wazee walishika mbavu. Mustapha alikuwa amelala chini chali, mikono kifuani, kama kaburini, akisema, "Nimeuawa na msomi. Nizikeni Ulaya."

Ebenezer aliangalia huku na huku. Wazazi wa kituo chake walikuwa wanacheka. Mmoja alikuwa ameshika simu juu, anarekodi.

"Wazee, huu si utani tena," alisema. "Huu ni uhalifu wa…"

"Kaa," alisema mzee Yoramu. Alikuwa akifuta machozi ya kicheko, lakini sauti ilikuwa ya mkubwa wa ukoo. "Mjane, una ulimi sasa. Taja faini."

Watu walitegemea ng'ombe. Wengine walinong'ona fahali wawili. Zipora alisimama, akashusha vizuri gauni lake.

"Vitabu virudi nyumbani," alisema. "Na aliyevikata avishone. Sitaki fundi, sitaki hela ya fundi. Aje yeye, jioni wanafunzi wakiwepo. Avue viatu. Akae kwenye mkeka wangu, pale mlangoni, mpaka ukurasa wa mwisho."

Mzee Yoramu alitafuta njia ya kuipunguza, akakumbuka kuwa haipungui.

*

Alikuja Jumatatu. Alitegemea kuwa watu watasahau, lakini video ilikuwa imeshafika mpaka Kondoa, na Mustapha alikuwa amemtumia Zipora sindano ya kushonea magunia na rola la uzi wa nailoni, na salamu kwamba fundi akihitaji msaidizi wa kutoboa, atamletea kunguru.

Aliacha viatu mlangoni. Soksi yake moja ilikuwa na tundu, na aliukunja mguu kuificha. Zipora alimwekea mbele msumari, nyundo, sindano, na rundo la kwanza la kurasa, akarudi kwenye cherehani yake.

Wanafunzi walirudi. Sikudhani, Meshack, wengine wapya, hata vijana wa kituo waliokuwa wamesikia. Walipofika mlangoni ilikuwa lazima wamvuke. "Shikamoo mwalimu," walisema, wakiinua miguu juu ya magoti yake. "Marahaba," alijibu Ebenezer, mara ishirini kwa jioni moja, akiinamisha kichwa. Sindano ya magunia ilimchoma vidole. Damu ndogo ikabaki kwenye ukingo wa Hispania. Zipora alisikia kila shikamoo. Kila moja ilimwingia kama maji ya baridi.

Devota ndiye alikuwa hapati usingizi. "Mama, imetosha," alisema siku ya tatu, jikoni. "Mzee mzima. Mgongo unamuuma, hata kunyanyuka anashika ukuta. Vilivyobaki nitashona mimi."

"Bado."

"Baba asingependa."

"Baba yako alikuwa mwema, akafa na rafu yake ikachukuliwa." Zipora alimimina chai kikombeni. "Mpelekee. Sukari usitie."

Devota alipeleka chai chungu, akaona haya. Ebenezer aliinywa yote na kusema ahsante. Siku iliyofuata vilevile. Siku ya tano, ulipobaki ushonaji wa kitabu cha tarehe tu, Zipora alisimama muda mrefu mbele ya kopo la sukari. Kwenye mlango aliona shingo ya Ebenezer imeinama, na nywele nyeupe pale nyuma, zinazoota kwa duara, kama za Nikodemo. Akachota kijiko. Akasita. Akachota cha pili. Akakoroga bila kelele, ili Devota asisikie, akamkabidhi.

Ebenezer alikuwa amemaliza. Alivuta uzi wa mwisho, akaukata kwa meno, akakinyoosha kitabu kwa mikono miwili. Kilikuwa kimevimba na kimepinda, uzi wa magunia ukionekana kama mshono wa tumbo, lakini kilikuwa kitabu. Wanafunzi walinyanyua macho. Sikudhani alipiga makofi mawili.

"Chukua, mwanangu," alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka kweli. "Nimelipa."

Devota alikipokea. Alitaka kumshukuru, neno lilikuwa ulimini. Akakifungua katikati, kama baba yake alivyokuwa akifungua kitabu kipya kukinusa, na macho yake yakaangukia 1871. Ujerumani imeungana, mfalme ametangazwa kaizari. Akafunua. Ukurasa uliofuata ulikuwa 1870, vita bado havijaanza. Akafunua tena, 1866. Akarudi nyuma. Palipotakiwa 1848 palikuwa na 1890. Ebenezer hakuwa ameangalia namba hata moja. Alikuwa ameshona tu, upesi, kama anayefunga gunia, ili amalize aondoke.

Chumba kilikuwa kinamngoja. Mama yake alikuwa ameshaanza kukunja mkeka. Ebenezer alikuwa ameinua kikombe, ameonja, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea alipokuta sukari. Devota aliangalia vidole vyake vilivyotoboka, akaangalia Sikudhani, aliyekuwa na mtihani mwezi wa tano, ambaye angekifungua kitabu hiki kesho na kukiamini.

Akakiweka magotini mwa Ebenezer, na sindano juu yake.

"Fumua, baba mdogo," alisema. "Mama, rudisha mkeka."